Dirisha la jirani linachungulia uani kwangu, nijenge?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba yako Buruburu, ilhali dirisha la jirani liko karibu kabisa na mpaka. Kabla ya kumwita fundi, lete mpima ardhi mwenye leseni akuonyeshe bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa ardhini. Ua wa michongoma si mpaka, hata kama umeukuta hapo.

Halafu muulize jirani, kwa upole, dirisha hilo lina miaka mingapi. Si umbea. Sura ya 22 ya sheria za Kenya, kifungu cha 32, inalinda mwanga na hewa ambavyo jengo limevipata kama haki, kwa amani, waziwazi na bila kukatizwa kwa miaka 20. Likiwa la mwaka juzi, hana dai hilo. Likiwa la miaka ya 1990, ukiliziba anaweza kukupeleka kortini. Mimi ningemwambia msanifu asogeze ukuta ndani.

Ramani ipitishwe na Kaunti ya Nairobi kwanza. Fundi atakuambia nyongeza ndogo haihitaji kibali. Ikibomolewa, yeye hatakuwepo. Na madirisha yako mapya, tafadhali, yaelekeze uani kwako.