Kinachoshikilia hiyo gari ni gurudumu la chini

Achieng mamangu,

Meseji yako ya Abu Dhabi nimeisoma, venye ulipanda ile roller coaster ya Formula Rossa, gari ya raha ya kuteremka kwa reli, ukavalishwa miwani, ukashuka miguu ikitetemeka, na sasa unauliza nani alikaa chini akafikiria kitu kama hiyo, na mbona haikuruka ikatoka kwa reli. Umeuliza mtu anafaa, maana miaka yangu ya kazi imeishia karakana ya reli hapa Kisumu na magurudumu nayajua.

Walioanza ni Warusi. Kitambo sana, kabla hata ya treni kujulikana, walikuwa wanajenga vilima virefu vya mbao huko St. Petersburg, wanamwagia maji yanaganda, halafu watu wanateremka juu ya barafu. Wafaransa wakaipenda, na mwaka 1817 pale Paris wakaweka vigari vya magurudumu vinavyoshikwa na reli visitoke.

Lakini ile inanifurahisha mimi ni ya Marekani, Mauch Chunk kule Pennsylvania, 1827. Hiyo ilikuwa reli ya kuteremsha makaa ya mawe kutoka mlimani, hakuna injini, uzito tu ndio unavuta, na nyumbu nao wanapakiwa kwa behewa wanateremshwa kama abiria, wakifika chini wanafungwa kuvuta mabehewa matupu kurudi juu. Baadaye watu wakaanza kulipa wateremke tu kwa raha zao. Basi 1884 LaMarcus Thompson akajenga yake Coney Island, New York, senti tano kwa mtu, na ilikuwa inaenda kama kilomita 10 kwa saa, yaani bodaboda ingeipita mbali, na bado watu walipanga foleni.

Sasa swali lako lenyewe. Gurudumu la treni yetu linakaa juu ya reli na lina ukingo kwa ndani, basi, uzito unamaliza kazi. Hiyo haitoshi gari ikifika kileleni na spidi, pale tumbo linapanda kama matatu ikishuka Riat kuja Kisumu, maana hapo gari inataka kuruka. Mwaka 1919 John Miller akapata hati ya kumiliki ubunifu wa gurudumu la tatu. Moja linakanyaga juu ya reli, lingine linabana ubavuni, na la tatu liko chini ya reli, kwa hivyo gari ikitaka kuinuka linaizuia. Kwangu huyo Miller ndiye mkubwa kuliko wote, maana bila yeye hakuna mtu angethubutu kujenga miteremko mikali ya siku hizi.

Kupinduka kichwa chini nako kulisumbua. 1895 walijenga Flip Flap hapo Coney Island, duara kamili, ikaumiza watu shingo kwa sababu gari inaingia kwa duara ghafla na mwili wote unakandamizwa kwa siti. Ikabidi wangoje mpaka 1976, California, ndio wakatengeneza umbo la tone la maji, pana chini na jembamba juu, na hapo shingo zikapona.

Nayo ile ya kuteremkia kwa maji ilianza mwaka huo huo wa Thompson, 1884, kule Rock Island, Illinois, boti ya tako bapa inateremshwa kwa mbao inapiga maji inarukaruka. Zile boti za umbo la gogo unazoona kwa picha zilikuja 1963, Texas, zikiiga wakata miti waliokuwa wanateremsha mbao milimani kwa mfereji. Na mimi naona ni akili sana, kwa sababu yale maji yanayowarukia usoni ndiyo breki yenyewe.

Hiyo Formula Rossa yako haikuvutwa na mnyororo mpaka juu kama za kawaida, inasukumwa na presha ya mafuta ya haidroliki mpaka kilomita 240 kwa saa. Ukirudi hapo, omba fundi akuonyeshe gari ikiwa imesimama, uchungulie chini ya reli, unipigie picha ya hilo gurudumu la tatu nione limevishwa mpira gani.

Mamako anasalimia.

Baba