Si mafuta, ni reli na seng'enge

Wapo wanaosema mafuta ya petroli ndiyo yaliyoua safari za kuswaga ng'ombe Texas, kusini mwa Marekani. Hapana, yalikuta zimeshakwisha. Kisima cha mafuta cha Spindletop, karibu na mji wa Beaumont huko Texas, kilifumuka Januari 10, 1901. Tarehe zenyewe zinakataa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha 1865, Texas ilikuwa imejaa ng'ombe wa pembe ndefu wa bei ya kutupa, ila reli ya kuwafikisha sokoni kaskazini haikuwepo. Ndiyo maana kuanzia 1867 waliswagwa kwa miguu mpaka mji wa Abilene, jimbo la Kansas, wakapandishwa mabehewa kwenda Chicago. Reli ilipofika Fort Worth, mji wa Texas, 1876, haja ya kutembea ikapungua sana. Papo hapo seng'enge, ambayo Joseph Glidden aliipatia hataza 1874, ikaziba malisho na njia za kwenda kwenye maji.

Halafu kupe, ambao watu huwasahau! Ng'ombe wa Texas waliwabeba bila kuugua, lakini wakishapita tu, ng'ombe wa Kansas wanaanza kukojoa damu na kufa. Wafugaji wa huku Afrika Mashariki wanaujua vizuri ugonjwa huo. Mwaka 1885 Kansas ikawafungia mpaka ng'ombe wa Texas.

Ila safari hizo hazikukatika siku moja: njia ya magharibi kwenda Dodge City, Kansas, iliendelea hadi miaka ya 1880. Na viwanda vya Texas havikutokana na mafuta peke yake. Mwaka 1903 kampuni za nyama za Armour na Swift zilifungua machinjio makubwa Fort Worth, nyama ikawa inatoka Texas imeshachinjwa.