Kabla hujashika polishi: kuishughulikia rangi ya gari nyumbani, hapa Mwanza

Wengi wanaoanza kulishughulikia gari nyumbani huanza kwa kununua polishi. Kopo limepangwa mbele dukani, lina picha ya gari jekundu linalometa, na muuzaji anakuambia, "Bosi, hii unapaka, unasugua, unafuta, kwisha kazi." Ushauri wangu: lirudishe rafuni kwa wiki mbili tatu. Jifunze kwanza kuosha. Sehemu kubwa ya mikwaruzo unayotaka kuiondoa imeletwa na uoshaji, na usipoubadilisha utakuwa unapolishi kila mwezi mpaka rangi iishe.

Nasema iishe kwa maana yake kamili. Magari mengi tunayoendesha hapa, IST, Premio, Noah, yametoka Japani yakiwa yameshatumika. Rangi ya kiwandani ina matabaka: chini bati, halafu praima, halafu rangi yenyewe, na juu ya vyote klia, ambayo haina rangi ila ndiyo inayoleta mng'ao na kuikinga rangi na jua. Matabaka yote yaliyo juu ya bati kwa pamoja kwa kawaida yana unene wa mikroni 100 hadi 150. Klia peke yake ni kama mikroni 35 hadi 50, na mikroni 1,000 ndiyo milimita 1, sasa piga hesabu mwenyewe. Polishi haijazi mkwaruzo. Inakula klia ya pembeni mpaka ishuke ilingane na kina cha mkwaruzo, ndipo jicho lisiuone tena. Zipo zinazojaza kwa mafuta, na hizo ukiosha gari mara chache mikwaruzo yako yote inakusalimia upya. Klia ikishaondoka hairudi, labda umpelekee fundi rangi mwenye bunduki na kompresa.

Sasa fikiria vumbi letu. Mji umejengwa juu ya granaiti, na granaiti ikimomonyoka inaacha mchanga wenye madini ya kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ni 10, kwatzi ni 7. Kisu cha kawaida cha chuma kiko kama 5 na nusu. Huo ndio mchanga unaokaa kwenye boneti ukitoka Buswelu au Kisesa kwa barabara ya vumbi mwezi wa Julai. Ukichukua kitambaa kikavu asubuhi "kukung'uta kidogo" kabla ya kwenda kazini, umelipiga gari msasa mwepesi. Usiku washa tochi ya simu, isogeze karibu na boneti, uangalie pembeni ya mwanga: utaona vijistari vya mviringo kama utando wa buibui. Gari jeusi huonyesha zaidi, jeupe huficha, lakini yote yanayo.

Kwa hiyo kuosha. Anza mapema, saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi, bati likiwa bado la baridi. Tuko karibu sana na ikweta na juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Ikifika saa nne jua halina mchezo, sabuni inakaukia kwenye mlango wakati wewe bado uko kwenye paa. Kama una mti au kivuli cha nyumba, mchana pia inawezekana, ila gusa boneti kwa kiganja kwanza. Likiwa la moto, acha.

Maji ya bomba ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya hapa Mwanza, yanatoka Ziwa Victoria na kwa gari hayana shida. Maji ya kisima ndiyo ya kuangalia, maana mengi yana chumvi na chokaa, na tone likikaukia juu ya rangi linaacha duara jeupe. Duara likiwa jipya, siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji hulitoa: lowesha kitambaa, weka kwa dakika moja, suuza vizuri. Likikaa miezi juani linaingia kwenye klia, na hapo ni habari nyingine.

Mwagia maji gari zima kabla hujaligusa na kitu chochote, kuanzia juu. Mwagia mengi. Mpira ukiwepo ni heri. Usipokuwepo, jagi na ndoo vinafanya kazi, ila usione uvivu. Mchanga unaoondoka na maji ni mchanga ambao hutausugua. Baada ya hapo andaa ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu. Chovya kitambaa kwenye sabuni, osha sehemu ndogo, kisuuze kwenye ndoo ya pili, ndipo urudi kwenye sabuni. Ukimaliza paa na boneti angalia chini ya ndoo ya maji matupu. Yale matope yaliyotulia pale ndiyo ungekuwa umeyarudisha kwenye gari kama ungetumia ndoo moja. Hili ndilo somo ninalolisisitiza kuliko mengine yote, na ndilo watu wanaloliruka kwa sababu halina mbwembwe.

Sabuni ya unga iache kwa nguo. Imetengenezwa kung'oa mafuta, kwa hiyo inang'oa na waksi, ile nta inayopakwa juu ya klia kuikinga, na punje zake zisizoyeyuka zinakwaruza. Sponji ya jikoni yenye upande wa kijani usiilete hata karibu. Tumia kitambaa cha maikrofaiba, na kikianguka chini kiweke pembeni hapohapo, usikikung'ute na kuendelea. Sehemu za chini za milango na bampa huoshwa mwisho kwa kitambaa chake, na rimu zina kitambaa chao pia. Kukausha, tandaza taulo la maikrofaiba juu ya boneti ulivute taratibu, bila kusugua.

Kuna wanaopeleka gari mwaloni, yaani ufukweni mwa ziwa, wanaliingiza tairi kwenye maji na vijana wanachota humohumo. Kwa rangi ni vibaya, kwa sababu ndoo inachota na mchanga. Kwa ziwa ni vibaya zaidi: oili na sabuni zinaingia moja kwa moja, na magugu maji tunayolalamikia kila siku yanapenda maji yenye rutuba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 pia inalinda mita 60 kutoka ufukweni dhidi ya shughuli zinazoharibu mazingira. Osha nyumbani, mahali maji yanapozama kwenye udongo.

Halafu kuna mambo mawili ya huku kwetu. La kwanza ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotoka kwa mawingu, hasa mwezi ukiandama, na kufuata taa. Ukipita nao usiku, asubuhi shoo na boneti vimejaa. Usivikwangue. Tandaza kitambaa kilicholoa kwa dakika tano au kumi, watalainika na kutoka wenyewe. La pili ni wale ndege wakubwa, korongo. Anayeegesha karibu na Mwaloni Kirumba anajua ninachosema. Kinyesi cha ndege kina asidi, na jua likilichemsha bati, klia inalainika kidogo, kisha jioni inakaza ikiwa imekunjamana chini ya uchafu ule. Ndiyo maana kinabaki kivuli hata baada ya kuosha. Weka chupa ya maji na kitambaa kwenye buti, kitoe siku hiyohiyo, kwa kulowesha kwanza.

Gari likishakuwa safi na kavu, ingiza mkono kwenye mfuko wa mkate (mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini wa mkate haukosekani jikoni) na upitishe vidole taratibu juu ya boneti. Nailoni huongeza hisia. Ukisikia vipele, hiyo ni lami, vumbi la chuma la breki na uchafu ambao shampuu haiwezi. Hapo kuna udongo laini wa kusafishia rangi, madukani wanauita klei. Nyunyizia maji yenye shampuu, teleza nao bila kukandamiza, ukunje upande safi kila ukichafuka. Ukiuangusha, utupe. Inauma, lakini utupe. Magari mengi yanaweza kuishia hapa: osha, klei, paka waksi, na jirani atakuuliza umepiga rangi wapi.

Bado unataka polishi? Sawa. Kwanza pitisha ukucha kwenye mkwaruzo. Ukucha ukinasa, umeshazama kupita kiasi, usijaribu kuumaliza. Angalia pia paa na boneti: ukiona klia imechubuka na kutoka vipande, pembeni kukiwa na ukingo mweupe, hakuna polishi duniani itakayosaidia. Na kama mlango mmoja una rangi inayotofautiana kidogo na mwenzake, au kuna chembe za rangi kwenye mpira wa kioo, umepigwa rangi mtaani na hujui klia yake ina unene gani. Uogope.

Anza na mraba wa sentimita 40 kwa 40 kwenye mlango wa nyuma, usianze na boneti. Tumia polishi laini kuliko zote dukani, achana na kompaundi ya kukata. Uzungushie mraba tepu ya karatasi, na kila siku bandika tepu hiyo kwenye kona, mikunjo ya bodi na kingo za milango, kwa sababu ndipo rangi ilipo nyembamba. Bandika na kwenye plastiki nyeusi pia, polishi ikikaukia pale inaacha weupe unaokera. Weka matone matatu manne kwenye sponji ya kupolishia, pita kwa mlalo, kisha kwa wima, kwa nguvu ya wastani, mpaka iwe utando mwepesi. Futa kwa kitambaa cheupe, halafu kiangalie hicho kitambaa. Kikiwa na weupe au ujivu wa polishi tu, uko juu ya klia. Kikiwa na rangi ya gari lako, simama. Ama gari halikuwekewa klia, ama ilishakwisha. Fundi rangi mmoja wa Nyakato alimwambia mteja mbele yangu, "Kaka, hapa hupolishi tena, hapa unafua rangi."

Matokeo ya mraba ndiyo yanayokuambia kama uendelee. Nusu ya mikwaruzo ikipotea, ridhika. Anayetaka kuimaliza yote ndiye anayekula klia aliyokuwa anaihitaji miaka mitano ijayo.

Mashine je? Kwa mkono, gari dogo litakuchukua siku nzima na mabega yatalalamika, lakini ni vigumu mkono wako kuunguza rangi. Ukinunua mashine, tafuta inayozunguka huku ikiyumba, maana joto haligandi sehemu moja. Ile inayozunguka moja kwa moja waachie wenye uzoefu. Na tafadhali usimfuate anayefunga sponji kwenye grenda ya kukatia vyuma: grenda huzunguka mara 10,000 na zaidi kwa dakika, wakati mashine ya polishi ya kuzunguka huenda kati ya 600 na 3,000.

Waksi ni rahisi, nitapita haraka. Kivulini, tabaka jembamba sana, sehemu kwa sehemu, subiri ikauke ukungu, futa. Kupaka nene hakuongezi kitu zaidi ya kazi ya kufuta. Kama gari limetoka kupigwa rangi kwa fundi, subiri miezi miwili mitatu kwanza, rangi inahitaji kupumua na kukauka. Dizeli wanayopaka vijana kwenye bampa na tairi ili ving'ae, kataa. Inavuta vumbi na inaharibu mpira.

Baada ya hapo mvua ndiyo kipimo chako. Maji yakikusanyika matone na kukimbia ukiendesha, waksi ipo. Yakitandaa na kulala, imekwisha. Kwa jua letu, waksi ya kawaida huchoka baada ya miezi miwili au mitatu. Osha, paka waksi nyingine, na polishi iache kabatini.