Mtoto mdogo apewe sahani yake

Katika nyumba nyingi za Bukavu, mashariki mwa Kongo, bugali (ugali) huwekwa katikati, sombe (majani ya muhogo) au maharagi kando yake, na kila mtu akamega upande wake. Ninaupenda utaratibu huo na hata leo tunakula hivyo, lakini kwa kulea watoto watatu wanaofuatana kwa karibu nimeamua kwamba asiyetimiza miaka mitano apakuliwe peke yake, ingawa chakula ni kilekile na anaketi pamoja na wengine.

Mkubwa humega tonge, akalichovya na kulimeza kabla mdogo hajamaliza kutafuna la kwanza. Mboga ikiisha, mdogo humalizia bugali tupu, na kwa kuwa tumbo limejaa, mama hudhani ameshiba vizuri. Akiwa na sahani yake unaona wazi kwamba leo amemaliza sambaza wote, yaani samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na kuacha nusu ya bugali, jambo ambalo kwangu halina ubaya wowote. Desturi ya kumwekea baba vipande vikubwa nayo iendelee, mradi sahani ya mdogo imeshapakuliwa kwanza.

Kupanga chakula cha wiki hutegemea makala (makaa ya kupikia) na soko. Maharagi huyaloweka tangu usiku ili yaive upesi na kuokoa makala. Yanayopikwa asubuhi hutosha mchana na jioni, nami huyachemsha tena hadi yatokote kabla ya kupakua. Samaki ndio wanaonilazimisha kutazama mwezi. Wavuvi wa Ziwa Kivu huwavuta sambaza usiku kwa mwanga wa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali hawakusanyiki vizuri, na bei katika soko la Kadutu hupanda. Siku za giza tunakula sambaza wabichi. Mwezi ukiwa mpevu tunarudi kwenye maharagi, mayai na sambaza waliokaushwa. (Samaki hawa waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hivyo chakula tunachokiona cha asili kabisa hakijafikisha hata karne moja.) Kwa watoto wana faida kubwa, kwa sababu huliwa wazima pamoja na mifupa yao laini, ambayo ina kalisi nyingi, ila kwa aliyeanza kula juzi mimi huwaponda kwanza.

Sombe haiharakishwi, hata kama watoto wanalia njaa. Majani ya muhogo yana sumu inayopungua kwa kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu, kwa hiyo siku ya sombe huwapa uji mapema ili chungu kisiondolewe motoni kabla ya wakati. Nikiweka karanga huwa zimetwangwa, kwani karanga nzima inaweza kumpalia mtoto mdogo. Pilipili huingia baada ya sehemu yao kutolewa, na hivyo hakuna haja ya kupika mara mbili.

Panapozuka ubishi ni pale mtoto anapokataa lenga-lenga (mchicha).

“Mama Neema, utamwacha aondoke na mboga kwenye sahani?” huuliza mama mkwe wangu.

“Ndiyo, mama. Jioni atakuta nyingine.”

Namheshimu, lakini hapo sirudi nyuma. Mimi ninachagua kinachopikwa na saa ya kula. Mtoto ndiye anajua kiasi kinachomtosha. Chakula kigeni mtoto huweza kukikataa mara kumi au zaidi kabla ya kukizoea, na kumshika kidevu huongeza tu ukaidi. Ninamwekea kijiko kimoja kando ya anachokipenda, kisha ninanyamaza na kula changu mbele yake, kwa kuwa humwangalia dada yake kuliko anavyonisikiliza mimi. Dada huyo ndiye niliyempa kazi ya kumpakulia mdogo wake, na tangu hapo vita vya samaki vimepungua sana.

Wageni wakifika bila taarifa, kama ilivyo kawaida Jumapili baada ya misa, ninasonga bugali nyingine na kuongeza mchuzi. Sahani za wadogo haziguswi.