Jibu: Gari la spoti kufika nyuzi 103 kwenye foleni, je, ni kawaida?

Mkuu, joto la kulanti (kimiminika cha kupozea injini) kufika 103 kwenye foleni si tatizo. Thamostati nyingi (vali inayoruhusu kulanti kupita kwenda kwenye rejeta) huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 90 za Selsiasi, na feni mara nyingi husubiri hadi karibu 100 ndipo iwake. Ukiona namba inapanda hadi 103, feni inavuma, kisha inashuka hadi 96 hivi, mfumo unafanya kazi yake.

Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji haichemki saa hiyo, na mfuniko wa rejeta unaiongezea kinga kwa kushikilia presha. Mfuniko ukiwa mzima, kulanti inavuka 120 kabla ya kuchemka. Mfuniko uliochoka raba unakunyima kinga hiyo, na watu wengi huusahau.

Usiuamini sana mshale wa joto kwenye dashibodi. Magari mengi huuacha katikati kuanzia 80 hivi hadi karibu 110, kwa hiyo soma kwa kifaa cha OBD (kinachochomekwa kwenye gari kusoma data ya injini).

Namba ikipanda mno kwenye foleni tu, kagua feni na rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha). Ikipanda ukiwa kasi, shuku rejeta iliyoziba, thamostati au kulanti pungufu. Ikipita 115, punguza mzigo, simama, na usifungue mfuniko injini ikiwa moto.