Habasoda, uwatu na mwarobaini kwa mgonjwa wa sukari: niliyoyapata mwenyewe

Assalamu alaykum. Mwanangu, umeuliza kama mama yako, bi mkubwa mwenye miaka 62, ambaye aligunduliwa kuwa na sukari baada ya Mfunguo Mosi, anaweza kuviacha vidonge alivyopewa kliniki, na badala yake akatumia habasoda na asali kila asubuhi, maji ya uwatu usiku, na majani ya mwarobaini yaliyochemshwa mara tatu kwa wiki, kama alivyoelekezwa na jirani yenu. Waliotangulia kukujibu wamegawika mafungu mawili: wapo wanaosema dawa za miti zote ni upuuzi, na wapo wanaosema vidonge vyote ni sumu. Mimi si daktari wala si mganga. Ni mwalimu mstaafu wa skuli, mzaliwa wa Pemba, wa rika la mama yako, ninaishi na maradhi ya sukari mwaka wa kumi na moja sasa, na dawa zote tatu ulizozitaja nimewahi kuzitumia, nyengine kwa faida na moja kwa kuponea chupuchupu. Vidonge asiviache. Kuhusu hizo dawa za miti, jibu ni refu zaidi, na naomba unistahamilie.

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama katika kijiji kilicho karibu na Konde, kaskazini ya Pemba, mahali ambapo ukitoka nyuma ya nyumba unaingia kwenye mikarafuu, na ukienda mbele zaidi unaufikia msitu wa Ngezi. Alikuwa mkunga, na watu walimfuata kwa dawa kutoka vijiji vya mbali. Nikiikumbuka kazi yake, kisichonitoka akilini si miti aliyoitumia, kwani miti hiyo karibu kila mtu mzima kijijini aliijua, bali ni ukali wake katika kipimo. Uwatu ulikuwa ukufi mmoja, tena wa mkono wake yeye, kwa sababu alisema kila mgonjwa huuona mkono wake mwenyewe kuwa ni mdogo. Dawa ya kunywa ilipimwa kwa kikombe cha kahawa, kwa siku tatu au saba, kisha ikasimama hata kama mgonjwa mwenyewe aliona imemfaa na akataka kuendelea nayo. Kabla ya kutoa chochote aliuliza: una mimba? Unanyonyesha? Choo chako kikoje? Umekwenda kwa nani kabla ya kuja kwangu, na amekupa nini? Aliyekataa kulijibu swali hilo la mwisho alirudi kwao mikono mitupu. Kwa namna ulivyoeleza, jirani yenu hakumuuliza bi mkubwa anameza vidonge gani na kwa kiasi gani, na mimi naona kosa limeanzia hapo, kabla hata hatujafika kwenye habasoda.

Wale wanaosema vidonge na miti ni maadui wangeshangaa kujua kwamba metfomini, kidonge anachoanziwa nacho karibu kila mgonjwa wa sukari ya ukubwani, kina asili ya mmea. Upo mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, ambao watu wa huko waliutumia zama za kati kwa mtu anayekojoa sana na kushikwa na kiu. Mmea huo huo ukiliwa kwa wingi na kondoo huwaua. Wataalamu walizichunguza kemikali za jamii ya zile zilizomo ndani yake, wakatengeneza iliyo salama zaidi, na mwaka 1957 daktari wa Kifaransa, Jean Sterne, akaeleza matumizi yake kwa wagonjwa wa sukari. Dawa mseto ya malaria tuliyoanza kupewa hapa Zanzibar mwaka 2003 nayo ina asili ya mmea, wa Kichina huo. Kwa hiyo sikubaliani na anayesema miti haina nguvu. Nguvu inayo, na ndiyo maana inaweza kudhuru. Kilichomo kwenye kidonge na kikakosekana kwenye chupa ya jirani ni kile alichokuwa nacho bibi yangu, yaani kipimo.

Sasa nikusimulie uwatu. Mwaka wa nne wa maradhi yangu nilikuwa natumia metfomini pamoja na glibenklamidi, kidonge kidogo ambacho wengi wenu mnakijua. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, rafiki yangu mmoja alinisifia maji ya uwatu. Nami nikajiona najua zaidi kuliko yeye, kwa kuwa mjukuu wa mkunga hafundishwi uwatu. Nikaroweka punje usiku, bila ya kupima, nikawa nakunywa maji yake wakati wa daku na kuzitafuna punje zenyewe, huku nikimeza vidonge vyangu kama kawaida. Siku kumi za mwanzo nilifurahi mno, maana sukari ya asubuhi iliteremka vizuri. Siku ya kumi na mbili, baada ya sala ya adhuhuri, nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi ya futari, mara mikono ikaanza kunitetemeka, jasho jembamba likanitoka, na macho yakawa yanaona vitu viwili viwili. Nilimwita mkaza mwanangu, lakini maneno yaliyonitoka hayakuwa na mpango. Yeye alidhani ni joto. Alhamdulillah alikumbuka kuichukua mashine ya kupimia sukari, na kipimo kikasoma 2.6, ilhali chini ya 4 huwa tayari sukari imeshuka kupita kiasi. Alininywesha maji ya sukari papo hapo, na baada ya robo saa nikarudi kwenye fahamu zangu na kipimo kikawa 4.9. Saumu ya siku ile niliilipa baadaye. Lau ningekuwa peke yangu ndani ya nyumba, sijui kama ningekuwa hapa kukuandikia.

Daktari niliyemwendea kesho yake hakunigombeza, bali alinieleza kwa utulivu jambo ambalo ningepaswa kuuliza kabla ya mwezi kuandama. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hakula. Uwatu una ufumwele mwingi unaovimba tumboni kama uji mzito na kuichelewesha sukari ya chakula isiingie haraka kwenye damu. Mtu anayefunga kutwa nzima, mwenye kidonge kinachosukuma upande mmoja na uwatu unaozuia upande mwengine, amejifungia njia zote mbili. Isitoshe, ufumwele huo huo unaweza kukichelewesha hata kidonge kisifyonzwe kwa wakati wake. Alinibadilishia dawa na saa za kuzimeza kwa ajili ya mfungo, akaniambia kuwa uwatu si haramu, ila nisiufiche.

Tangu siku hiyo naendelea kuutumia. Natia kijiko kimoja cha chai cha punje katika maji usiku, asubuhi nazila pamoja na chakula, na kati ya uwatu na vidonge naacha nafasi ya saa mbili. Sukari yangu huandikwa kwenye daftari, kwa hiyo nasema kwa ushahidi wa daftari kwamba uwatu unanisaidia kidogo. Kidogo hicho nakithamini, lakini hakijawahi kufikia hata nusu ya kazi ya kidonge. (Mama yako akianza asishangae jasho na mkojo kunukia kama shira. Waliowahi kujifungua kwetu na kupewa uwatu wa kuongeza maziwa wanaijua harufu hiyo.)

Habasoda ndiyo ngumu kuizungumza, kwa sababu kila anayeitilia suali huonekana anaitilia suali hadithi ya Mtume isemayo kuwa ndani yake mna ponyo ya kila maradhi isipokuwa mauti. Hadithi ni sahihi, nami naiamini. Hata hivyo wapo wanazuoni wa zamani walioieleza kuwa tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni maradhi mahsusi, na hakuna katika hadithi hiyo neno linalomwamrisha mgonjwa aache dawa nyengine. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa sukari unaonesha kuwa habasoda huteremsha sukari kwa kiasi, hasa ikichanganywa na dawa za hospitali. Tatizo langu na maelekezo ya jirani yenu liko kwenye asali. Asali ni sukari. Iwe ya mikokoni au ya msituni, iwe imetoka Pemba au Yemen, ikiingia mwilini hupandisha sukari, na vijiko viwili kila asubuhi kwa mgonjwa aliyegunduliwa juzi ni jambo la kushangaza kupewa kwa jina la dawa. Bi mkubwa akitaka habasoda, aitafune kavu au ainyunyize kwenye mkate. Na wakati mko hapo, muulizeni pia kuhusu halua ya jioni na kashata za kahawa, kwani nimewaona wengi, mimi mwenyewe nikiwemo, tukinywa machungu asubuhi ili turuhusiwe matamu jioni.

Mwarobaini siupendi kwa matumizi ya muda mrefu. Unateremsha sukari, ni kweli, na kwa hiyo hatari yake ni ile ile niliyoieleza kwenye uwatu. Bibi yangu hakumpa mwenye mimba wala mwanamke anayetafuta mtoto, na mafuta yake hakuyaruhusu kabisa kwa watoto wachanga. Zamani niliona ni ushirikina, mpaka nilipokuja kusoma kwamba huko India na Malaysia watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini walipata degedege na wengine kufariki. Kama nyumbani kwenu yupo mjamzito, chupa ya mwarobaini isikae mahali pa kuchanganywa na ya maji.

Mdalasini hukuuliza, lakini umesema bi mkubwa anautia kwenye chai kila siku, kwa hiyo nakuongezea. Mdalasini wetu wa Kizimbani na Kidichi ukivunjwa huonekana una maganda membamba mengi yaliyojikunja pamoja kama sigara, nao ni mwepesi kusagika. Upo mwengine unaoletwa kutoka nje, wenye ganda moja nene na gumu, rangi yake imekoza, na huo una kemikali iitwayo kumarini ambayo ikizidi huliumiza ini. Kwa kutia ladha pilau haudhuru. Kwa kunywa kama dawa kila siku, nunua ule mwembamba, na ununue mzima, kwa sababu ukishasagwa hakuna anayeweza kuutofautisha kwa macho.

Hilo la kununua kitu kizima nalisisitiza kwa sababu ya yaliyomfika dada yangu. Alikuwa na maumivu ya magoti, akauziwa na mchuuzi mmoja unga wa rangi ya kahawia katika chupa isiyo na jina wala tarehe, akaambiwa ni mizizi mitupu. Baada ya siku mbili aliweza kusujudu bila ya kiti, na sote tulimsifu mchuuzi yule. Baada ya miezi miwili uso wake ulikuwa umevimba ukawa duara kama sinia, na sukari, ambayo hakuwahi kuwa nayo maishani mwake, ilikuwa 17. Hospitali walishuku kuwa unga ule ulitiwa dawa za jamii ya steroidi, ambazo hupoza maumivu kwa kasi, hupandisha sukari na kuvimbisha uso, wakamteremshia pole pole badala ya kumkatisha ghafla, maana kuzikatisha ghafla nako kuna hatari yake. Mzizi hauponyi goti kwa siku mbili. Dawa ya miti ikifanya kazi haraka namna hiyo, mimi huanza kuogopa. Dawa zilizofungashwa husimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, kwa hiyo chupa isiyo na usajili wala jina la mtengenezaji iacheni dukani.

Neno moja kuhusu miguu, kwa kuwa kwetu mtu akilalamika ganzi jambo la kwanza ni kumkanda. Sukari ikikaa muda mrefu huharibu hisia za nyayo, na mgonjwa hawezi kujua kama maji yamezidi moto. Jirani yangu mmoja aliungua nyayo zote mbili kwa maji ya mwarobaini na chumvi, akiwa anaongea na kucheka na wanaomkanda. Anayetaka kukandwa, maji yajaribiwe kwanza kwa kiwiko cha mtu asiye na sukari. Kidonda cha mguu kisipakwe shubiri wala unga wowote, kipelekwe kliniki siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo, mwanangu, bi mkubwa aendelee na vidonge vyake, na siku yake ya kliniki ikifika mchukulie habasoda, uwatu na mwarobaini katika mfuko mmoja, uviweke mezani mbele ya daktari. Ombeni kipimo kinachoonesha wastani wa sukari ya miezi mitatu, na cha figo pia, ili baadaye mjue kwa tarakimu kama uwatu umefanya kazi au haukufanya. Akitaka kuongeza dawa ya miti, aanze na moja tu, kwa kipimo kile kile kila siku, na apime sukari. Nyumbani msikose sukari ya kukoroga haraka, na wajukuu wafundishwe dalili za kuteremka: kutetemeka, jasho jembamba, maneno kutokwenda sawa.

Ukirudi hapa, tuandikie jina lililoandikwa kwenye pakiti ya vidonge vyake. Ikiwa ni metfomini peke yake, hofu yangu ya uwatu inapungua sana. Ikiwa ni glibenklamidi, asiuonje mpaka azungumze na daktari.