Grenoble si kijijini: nenda, na panda kwa miguu

Wiki hii nimepokea ujumbe wa msichana mmoja wa Mbeya aliyepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Grenoble, Ufaransa. Badala ya kushangilia, ameanza kunyong'onyea kabla hata hajafunga sanduku, kwa kuwa wenzake wanamwambia Ufaransa bila Paris si Ufaransa. Ananiuliza: "Dada, kuna cha kuona huko, au nipange kila likizo nikimbilie Paris?"

Mdogo wangu, umegusa kidonda. Niliporudi Moshi baada ya masomo, kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka, ndugu yetu mmoja aliniuliza mbele ya watu kama nilipanda Mnara wa Eiffel. Nikamwambia mimi nilikuwa naishi Grenoble, kusini-mashariki, kwenye milima ya Alps. Akasema, "Kumbe ulikwenda kusoma kijijini." Meza nzima ikacheka, na mama yangu akainamisha uso. Ni muda mrefu sasa, na bado linaniuma. Kwa hiyo jibu hili ni lako, lakini na yule ndugu akilisoma sitakasirika.

Mji wenyewe umekaa kwenye bonde tambarare kabisa, pale mito ya Isère na Drac inapokutana, na milima imeuzunguka pande tatu. Kaskazini kuna Chartreuse, magharibi Vercors, mashariki Belledonne yenye kilele cha mita 2,977. Najua sisi wa Uchagani tuna mita 5,895 nyuma ya nyumba na hatutishwi na tarakimu hizo. Ila Kibo uko upande mmoja tu, na mara nyingi umejifunika. Grenoble ukisimama karibu mtaa wowote wa katikati, mwisho wake ni mlima. Hata kupotea ni vigumu: ukiona meno ya Belledonne mbele yako, unatazama mashariki. Mimi ramani ya simu niliiacha mapema.

Pa kuanzia ni Bastille, ngome ya karne ya 19 iliyojengwa juu ya mwamba ng'ambo ya Isère, karibu mita 260 juu ya mji. Kuna gari la kebo linalopanda hadi huko tangu mwaka 1934, mojawapo ya ya kwanza duniani kujengwa ndani ya mji, na tangu 1976 vyumba vyake ni vya mviringo, vya uwazi, vinavyopita juu ya mto vikiwa vimefuatana. Ni vizuri, sikatai. Sisi wa Moshi tuliogombana mwaka 2019 juu ya mpango wa kebo Kilimanjaro, wapagazi wakihofia mkate wao, tuna sababu ya kwenda kuitazama hiyo ya wenzetu inavyofanya kazi. Hata hivyo nakushauri upande kwa miguu, ushuke nayo ukitaka.

Anzia Quai Perrière, kwenye vile vibanda vya piza, kisha ufuate ngazi za Montée de Chalemont. Hazina huruma. Katikati ya njia utakuta Musée dauphinois, makumbusho ya maisha ya watu wa milimani, ndani ya iliyokuwa nyumba ya watawa wa kike iliyoanzishwa 1618. Kiingilio ni bure. Ingia upumzishe miguu, uone kanisa dogo lililochorwa ukuta mzima hadi dari, halafu uendelee. Juu kabisa, siku ya anga safi, utauona Mont Blanc upande wa kaskazini-mashariki. Mara yangu ya kwanza kuuona nilipiga kelele peke yangu, na bibi mmoja wa Kifaransa aliyekuwa na mbwa akaja kunionyesha kwa kidole kila kilele na jina lake, pole pole, kama mwalimu wa chekechea. Wengi hugeukia hapo. Wewe endelea hadi Mont Jalla, kwenye mnara wa kumbukumbu wa askari wa milimani. Huko watu ni wachache na mji wote uko chini ya miguu yako.

Sasa niseme jambo linalonikera. Tunasafiri kwa ajili ya macho ya watu wengine. Mtu anakopa fedha, anakaa kwenye treni kwa muda wa saa tatu kwenda Paris, anapiga picha chini ya mnara na kurudi, na ukimuuliza mji anaoishi una historia gani, hana neno. Wakati huo huo makumbusho ya mkoa wa Isère hayatozi hata senti moja. Bure! Mwanafunzi wa Kiafrika anayehesabu euro zake hana udhuru wa kubaki chumbani Jumapili.

Chukua historia ya vigae. Tarehe 7 Juni 1788, mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa, wanajeshi wa mfalme waliingia mitaani Grenoble kuhakikisha mahakimu wa mahakama kuu ya jimbo la Dauphiné wanaondoka mjini kama walivyoamriwa. Wananchi, wanawake wa sokoni wakiwamo, wakapanda juu ya mapaa, wakang'oa vigae na kuwavurumishia. Wiki chache baadaye, tarehe 21 Julai, wajumbe wa jimbo wakakutana kwenye kasri la Vizille, kusini ya mji, kudai haki ya kuwakilishwa. Mtoto mmoja wa miaka mitano aliyatazama mawe hayo ya paa yakiruka kutoka dirishani kwa babu yake, daktari Gagnon. Baadaye alikuja kuwa mwandishi Stendhal, ambaye, ajabu, hakuupenda kabisa mji aliozaliwa. Nyumba ya babu yake ipo Grande Rue. Nilisimama chini ya dirisha nikawaza mapaa yetu ya bati, na kwamba sisi nasi tuna matukio ya namna hiyo ambayo watoto wetu hawaonyeshwi hata mahali yalipotokea.

Kasri la Vizille sasa ni makumbusho ya Mapinduzi ya Ufaransa, nalo ni bure, na bustani yake ina mabwawa ya samaki na miti mikubwa ya kukaa chini yake na chakula chako. Basi linafika. Tenga siku nzima.

Kuna makumbusho mengine yaliyonibadilisha, ya Upinzani dhidi ya Wanazi na ya watu waliopelekwa kambini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Grenoble ni mmoja kati ya miji na vijiji vitano tu vya Ufaransa vilivyotunukiwa na Jenerali de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa Huru, nishani ya Ukombozi. Ukiona milango ya seli iliyokwaruzwa maneno na waliofungwa humo, hutatoka ukiwa na haraka ya kwenda dukani. Makumbusho makubwa ya sanaa, Musée de Grenoble, hutoza kiingilio, ila Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure. Ina kazi za wachoraji Matisse na Picasso, na pia chumba cha vitu vya Misri, maana Champollion, aliyefumbua maandishi ya Kimisri mwaka 1822, alikulia na kufundisha hapa.

Sasa nije kwenye milima mirefu, na hapa nitaringa kidogo.

Nilijiunga na kikundi kimoja cha watembea milimani. Siku ya kwanza kiongozi wake alinitazama viatu, vya mtumba nilivyonunua sokoni, akaniambia kwa upole kwamba njia ya Moucherotte ni kali na watu wa nchi za joto hawajazoea miinuko, labda ningewasubiri kwenye mgahawa wa kijiji cha Saint-Nizier. Sikujibu. Mimi nimekua Marangu, nimebeba ndizi na majani ya ng'ombe kwenye miteremko tangu sijaanza shule. Nilitembea nyuma yake hatua kwa hatua, na tulipovuka msitu nikampita. Kilele cha Moucherotte ni mita 1,901. Nilifika nikakaa, nikafungua chapati zangu, nikawasubiri. Alipofika, jasho linamtiririka, nilimkaribisha chapati. Alikula. Hakusema samahani, wala mimi sikuidai, lakini hakuna mtu aliyenitazama viatu tena.

Nawaambia vijana wetu: msikubali kupangiwa kimo na mtu asiyejua mmetoka wapi. Beba maji, beba koti hata kama chini ni joto, anza asubuhi, ushuke kabla ya giza. Mengine yote miguu yako inayajua.

Tena, Saint-Nizier penyewe usipapite tu. Pana mnara wa zege wa kurukia skii uliojengwa kwa Olimpiki ya majira ya baridi ya 1968, umeachwa umesimama pale ukitazama bonde. Pembeni ya kijiji kuna makaburi ya wapiganaji wa Upinzani wa Vercors waliouawa 1944, misalaba imepangwa kwenye majani mabichi. Mwandishi Jean Prévost amezikwa hapo. Kaa kidogo na watu hao.

Chakula? Gratin dauphinois, viazi mviringo vilivyokatwa vyembamba na kuokwa kwa malai na kitunguu saumu. Wenyeji watakuambia jibini halimo, na wako tayari kugombana kwa hilo. Onja walnati za Grenoble. Kwa matumizi ya kila siku nenda soko la Saint-Bruno asubuhi, ambako wafanyabiashara wa asili ya Algeria na Tunisia watakuuzia pilipili, giligilani na nyama ya halali kwa bei ya kibinadamu. Mimi ugali wangu nilikuwa nausonga kwa semolina ya pale.

Majira ya baridi utalia, na hilo sikufichi. Ukungu na moshi hujaa bondeni siku kadhaa mfululizo, jua halionekani, na wanafunzi wengi wa kwetu hujifungia na kuanza kuumwa roho. Dawa ni kupanda. Chukua basi la kwenda kituo cha skii cha Chamrousse, safari ya karibu saa moja, ambako mwanaskii wa Kifaransa Jean-Claude Killy alizoa medali zote tatu za dhahabu za wanaume za kuteleza mlimani kwenye Olimpiki hiyo ya 1968. Mara nyingi ukiwa njiani basi hutoboa ukungu ghafla, na juu kuna jua kali, anga la bluu, na mawingu yote yako chini. Usianze na skii, ni ghali. Kodi zile raketi za kufunga miguuni, utembee kwenye theluji kuelekea ziwa Achard kwenye njia iliyowekwa alama. Vaa soksi mbili, paka mafuta ya kukinga jua usoni, na vaa miwani ya jua, kwa sababu theluji huchoma na ngozi nyeusi nayo huungua. Na kabla hujashuka kwenye basi asubuhi, muulize dereva saa ya basi la mwisho la kurudi mjini.